Kobe kwenye Ubao wa Oktut

3 Septemba

Pamba imefunguka. Leo mwenyekiti wa ushirika, Tokhtasin, aliniita ofisini, akaniambia niache kwa muda kazi yangu ya kunakshi vitanda vya watoto, nimchoree ubao mkubwa wa msimu.

"Watoto watazaliwa tu, fundi Yormat, hata vitanda visipokuwa na maua," alisema. "Pamba haichumiki bila ubao."

Nikasema sawa. Tangu mke wangu afariki sina wa kumnung'unikia jioni, ndiyo maana nimeanza kuandika. Naandika kwa herufi za zamani, zile alizonifundisha marehemu baba. Ndugu Fozil, anayetusomea gazeti katika Nyumba Nyekundu ya Chai, anasema herufi hizo zimekufa. Zile mpya za kwake sizijui. Kwa hiyo mimi niliyekuwa msomi wa kijiji cha Oktut sasa ni mbumbumbu, na kila nikiagizwa kauli mbiu naandikiwa kwenye karatasi, kisha nainakili ubaoni kama ninavyonakili ua la komamanga. Huu ni mwaka wa kumi na saba wa Mapinduzi na nimeshapamba kuta nyingi kwa maneno nisiyoyaelewa. Watu wanasema yametoka vizuri.

6 Septemba

Ubao umesimamishwa mbele ya ghala, pale palipokuwa msikiti. Vikosi vinne vya wachumaji, picha nne. Kila jioni jina la kikosi litawekwa chini ya picha yake: aliyechuma zaidi ndege ya injini, anayemfuata farasi, kisha ngamia, na wa mwisho kobe. Nilijitahidi. Kobe ndiye aliyetoka vizuri kuliko wote, maana mgongo wake una mraba mraba kama nakshi zangu.

Jioni vikatokea vituko. Kikosi cha Eshmat, mwendesha mkokoteni, kikaangukia ngamia. Eshmat akarusha kofia juu.

"Ngamia! Babu yangu alikufa akiota ngamia! Fundi, tuachie huyu huyu mpaka mwisho wa msimu, nitakuletea tikiti."

Akachinja kuku kwa furaha. Waliopewa ndege nao hawakufurahi. Mwaka wa vita vya milimani ndege zilipita hapa zikaenda kumwaga moto kijiji cha Kizilsoy, na akina mama wakaanza kuulizana, "Jamani, tumekosa nini?" Kikosi cha wanawake cha Norbibi ndicho kilichopata kobe. Walicheka. Norbibi alisema kobe ni mnyama wa kimapinduzi kabisa, ana nyumba yake mwenyewe na halipi kodi kwa mwinyi.

7 Septemba

Fozil alikasirika sana. Alitukusanya akatueleza picha moja moja akizionyesha kwa fimbo.

"Kobe ni aibu! Semeni wote: kobe ni aibu!"

"Kobe ni aibu," tukasema.

"Na ngamia?" Eshmat akauliza.

"Ngamia ni nusu aibu."

"Nusu ya mbele au ya nyuma?"

Watu walicheka mpaka Fozil akatishia kuandika majina. Kisha akarudia somo lote tangu mwanzo. Sikuwahi kuona watu wazima wakifundishwa kuona haya. Kumbe inawezekana, na haichukui muda.

9 Septemba

Jua kali. Nimechanganya rangi.

15 Septemba

Kikosi cha Norbibi kimekaa chini ya kobe wiki nzima, na safari hii hakuna aliyecheka. Sababu inajulikana. Amewatoa wanawake wake kwenye pamba, akaenda nao Shamba la Juu kulainisha udongo wa kupandia ngano.

Shamba la Juu ndilo pekee lililobaki lenye ngano. Kwingine kote ni pamba, hadi kwenye kuta za nyumba. Wilaya inataka na lile liwe pamba, na Tokhtasin ameshaahidi. Lakini kwa kanuni za ushirika wetu, cha kupanda pale kinaamuliwa na mkutano wa wanachama, na mkutano haujaamua. Norbibi anasema hadi siku hiyo atapanda ngano.

"Pamba hailiki, ndugu mwenyekiti," alimwambia mbele ya ubao.

"Na Mapinduzi je, unayala?"

"Nilipigania Mapinduzi ili nile."

Watu wakatazama chini. Mwaka wa kugawana ardhi ya mwinyi Mirzaolim, hawa wawili walikuwa pamoja. Tokhtasin alikuwa mkulima wa plau wa mwinyi, alilala zizini na ng'ombe. Norbibi alikuwa mjane kijana, wa kwanza kutupa shela lake motoni. Yeye alishika nyundo, Tokhtasin akashika kigingi, wakapima Shamba la Juu likawa letu sote. Nilikuwepo. Tokhtasin alilia kwa sauti kama mtoto, na hakuna aliyemcheka.

22 Septemba

Duka la ushirika limeanza kugawa vitu kwa kufuata ubao. Ndege wanapata unga, chai na kitambaa. Farasi unga na chai. Ngamia chai tu. Kobe wanarudi mikono mitupu.

Eshmat hamtaki tena ngamia wake. "Mnyama gani huyu, anabeba chai bila mkate," aliniambia. "Fundi, huwezi kumrefusha shingo kidogo afanane na farasi?"

Nilimwambia kazi yangu ni rangi tu, mgawo si wangu. Ni kweli, ingawa niliposema hivyo nilijisikia vibaya.

1 Oktoba

Upepo. Vumbi limeshika kwenye rangi mbichi ya farasi, sasa ana ndevu.

8 Oktoba

Norbibi amepanda ngano. Ametumia mbegu waliyoihifadhi wanawake wa kikosi chake, na wamemwaga kwa mkono, wakitembea mstari mmoja.

Mchana Tokhtasin akaja kwangu kunywa chai. Siku hizi anakaa nyumba ya mwinyi Mirzaolim. Anasema simu imefungwa kule na haihamishiki. Alivua viatu akajinyoosha kama zamani. Mguu wake wa kushoto bado una kovu la jembe la plau.

"Unadhani nafurahi, fundi?" alisema. "Mwenyekiti wa Yangiarik alipeleka pamba pungufu. Unajua yuko wapi?"

"Sijui."

"Hata mkewe hajui."

"Basi waambie watu hivyo. Waambie unaogopa, watakuelewa."

Akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Watu wakijua mwenyekiti anaogopa, nani atachuma?"

Alikunywa bakuli tatu akaondoka. Nilimhurumia, na bado namhurumia. Alipokuwa mlangoni aliniomba nimkoleze rangi mashavu kwenye picha yake ya ofisini.

19 Oktoba

Leo nyumba ya chai ilijaa. Fozil alisoma gazeti kwa sauti ya kuimba. Gazeti linasema ngano inakuja kutoka kaskazini kwa garimoshi, mabehewa yasiyo na mwisho, kwa kila kijiji kitakachotoa ardhi yake yote kwa pamba. Ngano nyeupe, punje kubwa kama harage.

"Itakuja imesagwa?" Eshmat akauliza.

"Imesagwa."

"Na nani ataikanda?"

Kicheko. Lakini niliona jinsi watu walivyomeza mate. Mzee mmoja akauliza ngano hiyo itaanza lini kuja. Fozil akalitazama gazeti muda mrefu, akasema imeshaanza, iko njiani, ila haiwezi kufika kijiji ambacho bado kinalima ngano yake, maana wilaya itasema hao wanayo.

Basi. Watu wakageuka wote kutazama upande wa Shamba la Juu, ingawa kulikuwa na ukuta. Sijui kama gazeti liliandika hivyo kweli. Fozil peke yake ndiye awezaye kulisoma, na Norbibi aliyejifunza kwenye darasa la wanawake. Lakini wanawake hawaketi kwenye nyumba ya chai. Mapinduzi yalisema wataketi. Bado hatujafikia hapo.

27 Oktoba

Mvua ya kwanza, siku mbili mfululizo. Pamba iliyobaki mashambani imelowa na kuwa nyeusi. Vikosi vyote vimeshuka, hata ndege hawakupata unga.

Nilidhani watu wataisema mvua. Wamemsema Norbibi. Eti kama wanawake wake wangekuwa kwenye pamba badala ya ngano, mavuno yangeisha kabla ya mvua. Hesabu hiyo haikubali hata kidogo, kikosi chake ni wanawake wachache wenye watoto mgongoni, lakini niliisikia kisimani, nikaisikia dukani, kisha nikaisikia kinywani mwa Kholbuvi, mke wa Eshmat, ambaye amekuwa akioka mkate kwenye tanuri moja na Norbibi tangu wakiwa wasichana.

"Nimemwambia asije tena na unga wake kwangu," Kholbuvi alisema. "Watu wataniita kobe."

"Kholbuvi, mwezi uliopita kobe alikuwa mnyama tu."

"Mwezi uliopita tulikuwa wajinga, kaka Yormat. Hatukujua."

Alisema hivyo bila kinyongo. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeelimika.

30 Oktoba

Mvua.

31 Oktoba

Mvua. Watoto wamemrushia Norbibi madongo ya udongo. Wana wimbo wa kobe sasa, sijui nani kautunga, mashairi yake yamepangwa vizuri mno kuwa ya watoto.

5 Novemba

Jua limetoka. Nimekwea hadi Shamba la Juu kwa kisingizio cha kutafuta udongo mwekundu.

Ngano imeota. Imeota yote, sawasawa, kijani kibichi mpaka kwenye mfereji. Nilichuchumaa nikapitisha kiganja juu yake. Nilifurahi sana, nakiri, nilifurahi kama mpumbavu, nikacheka peke yangu. Norbibi alikuwa ng'ambo anaziba mfereji kwa koleo.

"Unacheka nini, fundi?"

"Inawasha mkono."

"Ikikomaa itakuwasha tumboni," akasema, naye akacheka. Amekonda. Nikamwuliza kwa nini asimwachie Tokhtasin shamba lake yaishe.

"Si langu nimwachie," alisema. "Ni la mkutano. Watu wataulizwa. Watu wa Oktut hawawezi kuulizwa kama wanataka mkate wakasema hapana."

Nami niliamini hivyo hivyo.

7 Novemba

Sikukuu ya Mapinduzi. Nilikesha jana nikimalizia kauli mbiu mpya kwenye ukuta mrefu wa ghala, herufi nyekundu zenye urefu wa mkono. Asubuhi kulikuwa na tarumbeta ndefu na ngoma, na hotuba. Baadaye watu walipotawanyika nikamwona Norbibi amesimama mbele ya ukuta wangu, amejifunga mikono.

"Zimetoka vizuri," nikasema.

"Zimetoka vizuri sana, fundi. Umeandika nini?"

"Sijui. Najua ni nyekundu."

Alidhani namtania. Alipoona sitanii, uso wake ukabadilika, akanisomea polepole kama mtu anayemsomea mgonjwa. "Ngano ya Juu ni ngano ya adui. Tuing'oe, na mpandaji wake."

Nilishika ndoo yangu. Nikasema, "Nitaifuta."

"Usifute. Watakuuliza nani kakusomea." Akageuka kwenda, kisha akarudi. "Watu wangapi hapa wanaweza kuisoma, kaka Yormat?"

"Wewe na Fozil."

"Basi imeandikwa kwa ajili yangu," akasema. "Wengine wataambiwa tu."

Ni kweli. Jioni Fozil alisimama pale na fimbo yake akawafundisha watu kuiimba. Waliimba wakitazama ukuta, na mtu asiyetujua angeapa kwamba wote wanasoma.

13 Novemba

Mkutano wa wanachama ulikuwa jana. Leo nimepata nguvu ya kuandika.

Ulifanyika ghalani, sisi tumeketi juu ya magunia ya pamba, wanaume mbele, wanawake nyuma. Mgeni wa wilaya alikuja na koti la ngozi, akakaa pembeni akila mbegu za alizeti tangu mwanzo hadi mwisho. Norbibi alivaa joho lake zuri. Alikaa mbele kabisa, mwanamke peke yake, na nilimwona anatabasamu na kila aliyeingia. Wengi walijifanya wanatafuta pa kukaa.

Tokhtasin alizungumza vizuri. Alitukumbusha zizi alilolala, mijeledi ya mwinyi, watoto waliokufa mwaka wa njaa. Kila neno lilikuwa kweli, na kila mmoja wetu alikuwa na maiti wake wa mwaka ule. Wanawake walianza kulia. Ndipo akauliza swali lake.

"Anayetaka ngano ije kutoka kaskazini, watoto wetu wasife tena njaa, anyooshe mkono!"

Mikono yote ikaenda juu. Wangu pia. Ni nani asiyetaka ngano?

"Imepita. Shamba la Juu litakuwa la pamba."

Norbibi akasimama. "Ndugu mwenyekiti, swali huulizwa kama lilivyo. Waulize hivi: mnataka kulima kwa plau ngano yenu iliyokwisha kuota? Uliza hivyo, mimi nitakubali jibu lolote."

"Mnamsikia?" Tokhtasin akatugeukia. "Kobe anataka kutufundisha kukimbia!"

Kicheko kikalipuka. Kilikuwa kicheko cha watu waliotoka kulia, hakikatiki. Hata Kholbuvi alicheka, amefunika mdomo. Norbibi alisema kitu kingine, aliwaita watu kwa majina, "Eshmat, ndugu yangu, wewe je?" lakini Eshmat alikuwa anafuta machozi ya kucheka kwa mkono ulio huru.

"Na huyu," Tokhtasin akasema, hakumtazama, "aliyeitia kijiji aibu msimu mzima, hafai tena kuwa mwanachama wa ushirika. Mkutano umekubali?"

Mikono yetu ilikuwa bado juu. Hakuna aliyetuambia tuishushe. Niliutazama wangu, ulikuwa na rangi nyekundu kwenye kucha. Ningeweza kuushusha, haikuwa kazi ngumu. Nilingoja mtu mwingine aanze kushusha. Nadhani kila mmoja alikuwa anangoja hivyo hivyo.

"Kwa kauli moja," akasema Fozil, akaandika.

15 Novemba

Leo tumelima ngano yetu.

Tokhtasin aliita ujima. Tarumbeta ilipigwa alfajiri, watu wakatoka na majembe na maksai kama tunavyotoka kusafisha mfereji au kumjengea mtu nyumba. Ujima hapa hauna malipo, lakini anayeuita lazima awalishe watu. Hata mwinyi Mirzaolim, mkono wa birika kama alivyokuwa, hakuthubutu kuivunja desturi hiyo. Tulifanya kazi haraka, bila nyimbo. Udongo ulikuwa laini, Norbibi aliutengeneza vizuri. Ngano iligeuka chini juu, mizizi myeupe hewani. Wazee wawili walivua kofia. Niliumia, na sina neno zuri zaidi ya hilo.

Kazi ilipokwisha, watu wakaketi mstari kando ya mfereji, kila mtu katoa bakuli lake ndani ya joho, wakangoja. Tokhtasin alikuwa ameitwa kwenye simu. Jua likasogea. Hakuna aliyeondoka, maana kuondoka ujima bila kula ni kumlaani mwenye shamba, na hakuna aliyejua sasa mwenye shamba ni nani.

Ndipo akaja Norbibi, amebeba chungu kwa mti begani pamoja na mwanamke mmoja wa kikosi chake. Uji wa unga na kitunguu. Alikiweka chini akafunua.

"Unga wa mwisho wa shamba hili," alisema. "Mmelilima, mle."

Alianza na Eshmat. Eshmat alipokea bakuli kwa mikono miwili. "Dada Norbibi, ule mkono wangu kwenye mkutano..."

"Kula kwanza, Eshmat. Unapoa."

Akala akilia, machozi yakiingia bakulini. Wengi walilia. Alinipa na mimi, akanijazia, sikuweza kumtazama. Ulikuwa uji mtamu.

Alikuwa amefika katikati ya mstari Tokhtasin alipokuja kwa farasi, Fozil nyuma yake kwenye tandiko. Walisimama wakaangalia. Fozil akamnong'oneza. Tokhtasin akashuka, akaja mbio kidogo, akakunja mikono ya joho, na kwa upole kabisa, huku akitabasamu, akauchukua upawa mkononi mwa Norbibi.

"Ushirika hauwaachi watu wake na njaa!" akasema kwa sauti. Akawagawia waliobaki. Aligawa vizuri, hakumwaga, mkono wa mtu aliyewahi kupika zizini. Mtu akapiga makofi, sijui nani, kisha tukapiga wote, nadhani kwa kuona nafuu. Norbibi alibaki amesimama na kifuniko.

16 Novemba

Baridi. Sikutoka.

20 Novemba

Fozil amekuja na agizo. Ubao wa wanyama ushushwe, msimu umekwisha. Mahali pake nichore picha moja kubwa: siku ya ujima, Shamba la Juu, mwenyekiti anawalisha watu.

"Wachore wengi," alisema. "Na wanene kidogo."

"Na Norbibi?"

"Norbibi yupi?"

Nikamtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania wala hakuwa anatisha. Alikuwa anafikiria ukubwa wa mbao.

28 Novemba

Picha imekwisha. Ni kazi nzuri, siwezi kujidanganya. Eshmat ametoka Eshmat kabisa, na bakuli lake, yuko wa kwanza mstarini. Mchana kutwa watu wamepita kujitafuta. "Mimi huyu!" "Mbona umenizeesha, fundi?"

Norbibi alikuja walipopungua, na furushi mgongoni. Anakwenda mjini, kwenye kiwanda cha hariri. Mtu asiye mwanachama hana mgao wala maji. Aliitazama picha kwa muda.

"Chungu ni chenyewe," akasema. "Hata ufa wake umeuweka."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Niliona kibaki angalau hicho."

"Nani atajua ufa huo ni wa chungu cha nani?" Hakusema kwa hasira. Ningependa angekasirika. Alifunga vizuri furushi lake, akaniaga kama mtu anavyomuaga jirani, akashika njia ya mfereji. Nilimtazama hadi alipopotea kwenye miforosadi, kisha nikaosha brashi.

3 Desemba

Theluji nyembamba. Ngano ya kaskazini iko njiani, Fozil amesoma tena.

Eshmat alikuja leo kuota moto kwangu. Tunakunywa maji ya moto, chai imekwisha. Tukazungumza hili na lile, kisha akasema afadhali mwaka huu tuna mwenyekiti mwenye huruma, bila ule uji wa ujima angezimia shambani.

"Uji ule ulipewa na Norbibi," nikasema.

"Norbibi?" Akacheka. "Norbibi si alikwisha kufukuzwa siku tatu kabla? Mwenyekiti ndiye aliyenipa. Kwa mkono wake."

"Eshmat, ulilia. Ulimwambia habari ya mkono wako, akakwambia kula kwanza."

"Nililia, ndiyo. Mwenyekiti mzima ananijazia bakuli, nisilie? Na ndiye aliyeniambia kula kwanza, unapoa." Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mzee. "Fundi, mbona umechora mwenyewe?"

Nikainuka nikaenda mlangoni. Picha inaonekana kutoka kwangu. Tokhtasin yuko pale na upawa, Eshmat mbele yake, mashavu yana afya. Niliitazama muda mrefu, na nitaandika ukweli: kwa kitambo kidogo sikuwa na uhakika.

"Huniamini?" Eshmat akaja nyuma yangu, ameumia kweli. Si mwongo huyu, sijawahi kumkamata na uongo maisha yangu yote. "Nipe mkate niushike, nikuapie." Kwetu mtu huapa akiwa ameshika mkate, na kiapo hicho hakichezewi.

Nikaenda kukifunua kitambaa cha mkate. Hakikuwa na kitu, hata makombo. Kwake vilevile hakuna, wala kwa jirani. Eshmat akakiangalia, kisha akaweka mkono wa kulia juu ya kitambaa kitupu, akaapa.